Sonny Rollins alihukumiwa kwa kazi ya studio, akajibu kutoka jukwaani

Kuna hukumu moja iliyozoeleka kuhusu Sonny Rollins, na ukifungua vitabu vya historia ya jazz utakutana nayo mara kwa mara. Inasema kwamba mpulizaji huyu wa saksafoni ya tenor alikuwa moto wa kuotea mbali kati ya 1956 na 1958, akarekodi albamu ambazo hakuna mwanafunzi wa jazz anayeweza kuziruka, akajificha kwa miaka miwili, akarudi 1962 na kazi nyingine chache za maana, kisha kuanzia miaka ya sabini akaanza kushuka. Miaka 40 ya mwisho wa kazi yake hupewa aya mbili tatu za heshima, kama mzee anayewekewa kiti cha mbele harusini lakini hakuna anayemwomba neno.

Naipinga hukumu hiyo. Waliomhukumu walisikiliza sahani za studio, ilhali kazi yake halisi mtu huyu aliifanya jukwaani, mbele ya watu, na sehemu kubwa ya kazi hiyo iliishia palepale ukumbini. Kilichosalia ni kanda chache. Mojawapo ilirekodiwa Boston, Jumamosi ya tarehe 15 Septemba 2001, Rollins akiwa ametimiza miaka 71 siku nane tu kabla. Ilitolewa mwaka 2005 kwa jina la Without a Song: The 9/11 Concert. Hiyo ndiyo ninayotaka kuizungumzia kwa kirefu, ila kwanza tumjue mwenyewe, maana asiyejua alikotoka hataelewa kwa nini usiku ule una uzito.

Theodore Walter Rollins alizaliwa New York tarehe 7 Septemba 1930. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Visiwa vya Virgin, huko Karibi, naye akakulia Harlem wakati mtaa huo umejaa wanamuziki kila kona. Coleman Hawkins, aliyeifanya saksafoni ya tenor iheshimiwe katika jazz, aliishi jirani, na kijana Rollins alikwenda kumngoja mlangoni kwake ili amsainie picha. Mpiga piano Thelonious Monk alimkaribisha nyumbani kwake afanye mazoezi na wakubwa. Mwaka 1949, kabla hajafikisha miaka 19, alikuwa tayari ameshaingia studio na mpiga piano Bud Powell.

Halafu mambo yakamwendea mrama. Heroini ilikuwa imewashika wanamuziki wengi wa rika lake, na yeye hakupona. Mwaka 1950 alikamatwa kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, akakaa miezi 10 katika gereza la Rikers Island. Mwaka 1955 alikata shauri, akajipeleka mwenyewe katika hospitali ya serikali iliyokuwa ikitibu waraibu huko Lexington, Kentucky. Alipotoka akaenda Chicago, akafanya kazi za vibarua, akawa anajizuia hata kukaribia klabu za muziki mpaka awe na uhakika na nafsi yake. Mwishoni mwa mwaka huo akajiunga na bendi ya mpiga tarumbeta Clifford Brown na mpiga dramu Max Roach. Brown hakugusa dawa za kulevya, wala hakuwa na makuu, na Rollins alisema mara nyingi kwamba kijana yule ndiye aliyemwonyesha kuwa mtu anaweza kuishi maisha safi na bado akapiga jazz ya hali ya juu.

Tarehe 22 Juni 1956, katika studio ya Rudy Van Gelder mjini Hackensack, New Jersey, Rollins alirekodi Saxophone Colossus. Siku nne baadaye Clifford Brown alikufa katika ajali ya gari. Mimi siwezi kuisikiliza albamu hiyo bila kuzikumbuka siku hizo nne. Ndani yake kuna "St. Thomas", kalipso, yaani muziki wa kuchezeka wa Karibi, iliyotokana na wimbo aliokuwa akiimbiwa na mama yake, na tangu hapo kalipso haikutoka tena katika pumzi yake. Kuna pia "Blue 7", ambayo mwaka 1958 mtunzi Gunther Schuller aliiandikia makala ndefu akionyesha jinsi Rollins alivyokuwa akibuni papo kwa papo huku akirudi kwenye wazo moja la mwanzo, akilikata, akiligeuza, akilijenga upya. Makala ile ilisifiwa sana. Rollins alipoisoma alijikuta anaanza kujichunguza kila akishika saksafoni, akaapa kutosoma tena anayoandikiwa. Sisi tunaoandika kuhusu muziki tungefaa kulitafakari hilo kila tunaposhika kalamu, hata kalamu ya sifa.

Sasa angalia jambo ambalo watu hulipita haraka. Hata katika miaka ile inayoitwa ya dhahabu, kazi yake iliyokwenda mbali kuliko zote, kwa masikio yangu, haikutoka studio. Ilitoka Village Vanguard, klabu iliyo chini ya ardhi huko Greenwich Village, tarehe 3 Novemba 1957. Jukwaani walikuwa watu watatu tu: saksafoni, besi na dramu. Piano haikuwepo, kwa hiyo hakukuwa na wa kumwekea njia wala wa kumfunika akiteleza. Usiku ule Wilbur Ware alishika besi na Elvin Jones dramu, na unachosikia ni mtu aliyeachiwa uwanja mzima akaamua kuutumia wote. Waliompenda Rollins wa 1957 walikuwa wameshaonyeshwa tangu wakati ule kwamba mtu huyu ni wa jukwaani. Hawakulifuata wazo hilo mpaka mwisho wake.

Mwaka 1958 akatoa Freedom Suite. Upande mzima wa sahani ulikuwa utunzi mmoja, na kwenye jalada aliandika maneno machache yaliyosema wazi kwamba Marekani imejengwa juu ya utamaduni wa watu weusi, lugha yake, ucheshi wake na muziki wake, na bado watu haohao wanateswa. Huo ulikuwa mwaka 1958, miaka sita kabla ya sheria ya haki za kiraia. Mwaka uliofuata, akiwa katika kilele cha jina lake, akaacha. Hakupiga tena hadharani hadi mwisho wa 1961. Aliishi Lower East Side katika nyumba ambayo kuta zake hazikuweza kuzuia sauti ya saksafoni, na hakutaka kumsumbua jirani mjamzito. Akachukua saksafoni yake akapanda Daraja la Williamsburg, juu ya mto, magari na treni zikipita karibu, meli zikipiga honi chini, akawa anafanya mazoezi huko saa nyingi kila siku, kiangazi na majira ya baridi. Alikuwa anasifiwa na kila mtu, na yeye akaona sifa hizo hazilingani na anachojisikia anaweza. Ni wachache wenye ujasiri wa namna hiyo.

Alirudi na albamu ya The Bridge, 1962. Humo akapiga wimbo wa mwaka 1929 uitwao "Without a Song". Mpiga besi alikuwa kijana Bob Cranshaw. Yashike majina hayo mawili, la wimbo na la mpiga besi, tutakutana nayo tena.

Baada ya kupumzika kwa mara nyingine mwishoni mwa miaka ya sitini, na kwenda India kujifunza yoga, mwaka 1972 Rollins aliingia katika kampuni ya kurekodi muziki ya Milestone, akakaa huko zaidi ya miaka 30. Hapo ndipo hukumu ile inapoanzia. Wahakiki walilalamikia besi ya umeme, midundo ya fanki katika albamu za Nucleus ya 1975 na The Way I Feel ya 1976, na wanamuziki wa kumsindikiza ambao hawakuwa wa kiwango chake. Sitasema kwamba walikosea kila kitu. Baadhi ya albamu hizo zina sauti iliyosafishwa mno, na kuna nyimbo ambazo Rollins anasikika kama mtu anayesoma barua aliyoandikiwa na mwingine. Lakini besi ya umeme ilikuwa na sababu yake. Cranshaw aliumia mgongo katika ajali ya gari, na ile besi kubwa ya mbao ikawa mzigo kwake. Rollins angeweza kutafuta mtu mwingine. Hakutafuta, akabaki na Cranshaw kwa miongo mitano, na kwa hilo mimi namheshimu zaidi.

Tatizo la studio lilikuwa la ndani zaidi. Rollins hakuwa akiipenda, na alisema hivyo wazi. Alikuwa mtu wa kujikosoa bila huruma, asiyeweza kuvumilia kujisikiliza. Ndani ya studio unasimama mbele ya maikrofoni, mtu yuko nyuma ya kioo, na ukikosea unarudia. Ukumbini hakuna kurudia. Pale alikuwa akibandika maikrofoni isiyo na waya kwenye mdomo wa saksafoni, akawa huru kutembea. Alizunguka jukwaa zima, akiinama mpaka mdomo wa chombo ukaribie sakafu, akigeuka huku na huko, akimwendea mpiga dramu kumchokoza, akiwarudia watu wa mbele. Wimbo mmoja ulikwenda dakika 20, wakati mwingine nusu saa.

Msomaji wa Afrika Mashariki aliyelelewa na muziki wa dansi halioni hilo kuwa geni. Kwetu pia sahani ndogo ya santuri ilimlazimisha mwanamuziki aukate wimbo vipande viwili, sehemu ya kwanza upande mmoja na ya pili upande wa pili. Aliyewahi kuingia ukumbini anajua kwamba chemko halikuwa na saa. Liliendelea kadiri magitaa na wachezaji walivyoendelea kuchochea moto. Angetokea mtu leo akazipima bendi zetu za zamani kwa dakika tatu za santuri peke yake, wazee wangemkatalia mara moja. Rollins alipimwa hivyo kwa miongo mitatu.

Mfano ulio wazi ni wa tarehe 16 Agosti 1986, huko Saugerties, jimbo la New York, kwenye uwanja wa mawe uitwao Opus 40, ambako mtengeneza filamu Robert Mugge alikuwa amepeleka kamera zake. Katikati ya onyesho, akiwa anapiga peke yake, Rollins aliruka kutoka juu ya jukwaa la mawe kwenda chini, karibu na watazamaji. Akaangukia vibaya, kisigino kikavunjika. Akabaki amelala chali. Wenzake jukwaani hawakuelewa kimetokea nini. Kisha, akiwa bado amelala, akainua saksafoni akaendelea kupiga. Filamu ipo, kila mtu anaweza kuona. Wanaopenda vituko hulieleza tukio hilo kwa kishindo cha kuanguka. Mimi huirudia ile pumzi inayofuata, jinsi mtu mwenye maumivu makali alivyoingia tena ndani ya wimbo mahali palepale alipouachia.

Na kwa kuwa kampuni ilikuwa ikitoa zaidi za studio, kazi ya kuhifadhi jukwaa waliifanya mashabiki. Walijificha na vinasa sauti vyao chini ya makoti, katika kumbi za Ulaya, Japani na Marekani, kisha wakabadilishana kanda kwa posta. Mmoja wao, mkusanyaji kutoka jimbo la Maine, alikuwa na maktaba kubwa ya namna hiyo, na ndiye aliyerekodi onyesho la Boston akiwa ameketi kwenye kiti chake kama watazamaji wengine. Kwa sheria lilikuwa kosa. Wanamuziki wengi wameumizwa na watu wanaouza kanda za wizi, na hasira yao ni ya haki. Ila huyu hakuuza. Alimwendea Rollins na mkewe Lucille, aliyekuwa meneja na mtayarishaji wake, akawaambia anacho nini, akaomba kitolewe kihalali. Lau asingekuwepo mtu huyo, usiku ule tungeusoma tu katika kumbukumbu za waliohudhuria.

Turudi Septemba 2001. Rollins na Lucille walikuwa na nyumba Germantown, mashambani mwa jimbo la New York, na pia fleti Manhattan, Mtaa wa Greenwich, ghorofa ya 39, umbali wa vitalu sita tu kutoka World Trade Center, yale majengo pacha yaliyogongwa na ndege za magaidi. Asubuhi ya tarehe 11 Rollins alikuwa peke yake kwenye fleti hiyo. Alisikia ndege ikipita chini mno, kisha mshindo. Aliteremka mtaani, akaliona jengo likianguka, akakimbia na wengine. Usiku ule alilala ndani ya jengo lisilo na umeme. Alijaribu hata kufanya mazoezi, akavuta pumzi ndefu, na hewa ile iliyojaa vumbi na moshi ikamchafua tumbo. Kesho yake wakaazi waliondolewa. Mzee wa miaka 71 alishuka ngazi za ghorofa zote hizo, miguu ikitetemeka, na alichotoka nacho mkononi kilikuwa saksafoni yake.

Onyesho la Boston lilikuwa limepangwa kwa Jumamosi hiyohiyo. Rollins alitaka liahirishwe. Lucille akasisitiza liendelee. Safari za ndege nchini zilikuwa zimevurugika, watu walikuwa wakikaa mbele ya televisheni mchana kutwa, na hakuna aliyejua kama ni sahihi kwenda kusikiliza muziki. Wakaenda kwa gari. Ukumbi ulikuwa Berklee Performance Center, wa chuo cha muziki cha Berklee. Pamoja naye jukwaani walikuwa mpwa wake Clifton Anderson kwenye tromboni, Stephen Scott kwenye piano, Perry Wilson kwenye dramu, Kimati Dinizulu kwenye tumba na ala nyingine za kugonga, na Bob Cranshaw kwenye besi.

Alichosema kwa watu kimo kwenye kanda. Hakutoa hotuba. Aliwaambia kwamba muziki ni mojawapo ya mambo mazuri ya maisha, kwamba inabidi tujitahidi kuuweka hai kwa namna yoyote, kwamba labda unaweza kusaidia, hana hakika, lakini ni lazima kujaribu kitu. Ile "labda" naipenda sana. Wiki ile Marekani ilikuwa imejaa watu wenye uhakika.

Sasa sikiliza "Without a Song". Wimbo uleule wa 1962, mpiga besi yuleyule. Katika The Bridge unachukua dakika saba na ushei, na ni kazi ya kupendeza, safi, iliyopangwa. Gita la Jim Hall linamfuata Rollins kwa adabu, kila kitu kiko mahali pake. Boston unazidi dakika 16. Sauti ya saksafoni imekuwa nzito, ina mikwaruzo pembeni, sauti za chini zinatoka kama mtu anayekohoa kifua kizima. Anaupitia wimbo taratibu, anauweka mbele ya watu wautambue. Anawaachia wenzake nafasi. Kisha anarudi, na hapo ndipo pa kukaza sikio. Anakamata kipande kidogo cha wimbo, anakirudia, anakibana, anakilegeza, anachomeka vijisehemu vya nyimbo nyingine kabisa ambazo watu wa umri wake wangezitambua papo hapo, halafu unapodhani amefika mwisho, anafungua mlango mwingine. Ni ileile mbinu ambayo Schuller aliichambua katika "Blue 7", ya kujenga jengo zima kutokana na tofali moja la mwanzo, isipokuwa sasa haijichungi. Mtu aliyewahi kushindwa kupiga kwa sababu ya kujichunguza amepata, uzeeni, namna ya kufikiri na kupumua kwa wakati mmoja.

"Global Warming", kalipso yake mwenyewe, inafuata, na hapa kuna jambo ambalo wengine walilikwepa kwa sababu ya siku zenyewe. Siku nne baada ya maelfu kufa, bendi inapiga muziki wa kuchezeka. Tumba za Dinizulu na dramu za Wilson zinasukuma, na Rollins anacheka kupitia chombo. Mtu wa Karibi, kama ilivyo kwa watu wa pwani yetu, hakuona ajabu ngoma kupigwa mahali palipo na msiba. Mimi naona uamuzi wa kuweka kalipso usiku ule ulikuwa sahihi kuliko wimbo wowote wa maombolezo ambao angeweza kuuchagua.

"A Nightingale Sang in Berkeley Square" ni wimbo ambao Waingereza waliupenda London ilipokuwa ikipigwa mabomu. Rollins anaupiga kwa utulivu. "Why Was I Born?" ya Jerome Kern na Oscar Hammerstein ni mwendo mwingine, na solo yake ndiyo iliyompatia tuzo ya Grammy ya solo bora ya jazz mwaka 2006, akiwa na miaka 75. Mwisho kuna "Where or When".

Je, ni kanda isiyo na kasoro? Hapana. Sauti yake si ya studio, na kwa masikio yaliyozoea usafi wa Van Gelder itaonekana ya mbali. Anderson ni mpiga tromboni mwenye moyo na heshima, lakini solo zake zinasafiri kwenye barabara inayojulikana, na unajikuta unamsubiri mjomba. Hilo nalikubali. Lakini wanaosema kwamba albamu hii inasifiwa kwa ajili ya tarehe yake tu, kwamba ukiitoa Septemba 11 kinabaki kitu cha kawaida, nawaomba wafanye jaribio dogo. Wachukue Road Shows, mfululizo wa rekodi za majukwaani ambao Rollins alianza kuutoa mwaka 2008 kupitia kampuni yake mwenyewe, Doxy. Katika ule wa kwanza mna rekodi za kuanzia 1980 hadi 2007, baadhi zikitoka katika maktaba ya yuleyule mkusanyaji wa Maine. Wasikilize "Easy Living" ya Warsaw, 1980. Kisha wasikilize Carnegie Hall, Septemba 2007, mzee akiwa na miaka 77, amerudi kwenye watu watatu kama Vanguard, Christian McBride kwenye besi na Roy Haynes kwenye dramu. Hakukuwa na msiba wowote wa taifa usiku huo. Moto ni uleule. Maana yake Boston haikuwa muujiza wa siku moja uliosababishwa na majonzi. Ilikuwa kazi ya kawaida ya mtu huyu, iliyobahatika kuwa na kinasa sauti karibu.

Na hapo ndipo hoja yangu inaposimama. Ukiziweka kanda hizi kwenye mizani, historia ya Rollins inabadilika sura. Haiwi tena hadithi ya kijana mwenye kipaji aliyeshuka. Inakuwa hadithi ya mtu ambaye baada ya 1972 aliendelea kukua mahali ambapo waandishi wengi hawakuwa wakiangalia. Maonyesho yalikuwa machache kwa mwaka, tena katika kumbi kubwa, kwa kuwa Lucille alikataa kumchosha kwenye klabu za usiku mzima na alijua thamani ya mumewe. Aliyetaka kumsikia alipaswa kukata tiketi. Asiyekata alibaki na sahani, akaandika hukumu yake kutokana na sahani.

Lucille alifariki Novemba 2004, kabla ya albamu ya Boston kuingia sokoni. Yeye aliyesisitiza usiku ule ufanyike hakuuona ukitambuliwa na dunia. Rollins aliendelea jukwaani hadi 2012, ugonjwa wa mapafu ukamzuia, na miaka miwili baadaye akaiweka saksafoni chini kabisa. Kwa mtu aliyekuwa akifanya mazoezi kila siku tangu utotoni, sidhani kama kuna adhabu kubwa kuliko hiyo. Karatasi zake, madaftari ya mazoezi na kanda zake binafsi zilichukuliwa mwaka 2017 na Schomburg Center, maktaba ya utafiti wa utamaduni wa watu weusi iliyoko Harlem, mtaa uleule aliokulia.

Limebaki jambo moja ambalo ningependa wenye haki walisikie. Onyesho la Boston halijakamilika katika albamu ya 2005. Vipande vingine vilitokea 2016 katika Road Shows ya nne, Holding the Stage, vikiwemo dakika za Rollins akipiga peke yake na "Don't Stop the Carnival", kalipso aliyozoea kuitumia kuwaaga watu. Kwa hiyo usiku mmoja umegawanyika katika albamu mbili zilizotengana kwa miaka 11. Uunganishwe. Utolewe mzima, kwa mpangilio wake wa jukwaani, na maneno yake yote, na kelele za watu, na vipindi vya kusitasita kati ya nyimbo. Mpaka hilo lifanyike, msikilizaji anayetaka kumjua mzee huyu aanze na dakika 16 za wimbo wa kwanza wa albamu ya 2005, ampigie rafiki yake ile ya 1962, kisha wabishane.